Nimepata laptopu mpya na orodha ya programu 31. Nianze na zipi?

#1 Kibodi_Mpya

Wakuu, heshima kwenu.

Laptopu yangu ya zamani imeniaga. Diski ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi, siku ya tatu ikanyamaza kabisa. Sasa nina mpya: Windows 11, ramu 8 GB, SSD ya 256 GB. Bado sijaiwekea kitu.

Nimezunguka mtandaoni nikikusanya programu ambazo kila mtu anaapa huwezi kuishi bila hizo. Zimefika 31. Humo kuna antivairasi mbili, brauza tatu, za kufungulia PDF tatu, WinRAR na 7-Zip za kufungulia mafaili yaliyobanwa, VLC na ndugu zake wawili za kuchezea video, za "kusafisha na kuongeza kasi" tano, moja ya kutafuta draiva, na nyingine ambazo kusema kweli hata sijui zinafanya nini, nimeona tu zinasifiwa.

Kazi zangu: naandika tasnifu, hesabu kidogo za lahajedwali, vikao vya video, muziki na sinema. Gemu sichezi. Ile ya zamani niliwekewa kila kitu na mtu, sijawahi kuchagua mwenyewe, kwa hiyo msinicheke.

#2 Kipanya

Nimepiga kambi hapa.

#3 FundiBisibisi

Anayeuliza hachekwi. Ila hiyo orodha ifunge kwanza, iweke pembeni.

Waliokuandikia hawajui unafanya kazi gani. Wewe umetaja kazi nne. Kila programu humo iulize: unahusika na kazi ipi kati ya hizi nne? Isiyo na jibu ikae nje. Ukija kuihitaji utaipata kwa dakika mbili, mtandao hauhami.

Leo usiweke chochote. Fanya haya:

Apdeti Windows mpaka iseme hakuna kilichobaki. Kwa kompyuta mpya hii si mara moja, utaiwasha na kuizima mara tatu nne, maana imekaa kwenye boksi miezi mingi huku matundu ya usalama yakizibwa kwa wenzake. Draiva nyingi, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta, zitaingia zenyewe hapo hapo. Zitakazobaki utazichukua kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, kwa namba ya modeli. Hiyo programu ya kutafuta draiva itupe. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha namba nyekundu za kutisha halafu ikuombe pesa, na ikikuwekea draiva isiyo yako utanitafuta mimi.

Pili, fungua orodha ya programu zilizokuja nayo uondoe usizozihitaji. Karibu kila mtengenezaji hupachika antivairasi ya majaribio. Iondoe. Windows ina yake, Defender, inayojiweka pembeni ikiona antivairasi nyingine na kurudi kazini ukiiondoa ile. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja ni kama walinzi wawili wasiojuana kwenye geti moja: kila mmoja anamkamata mwenzake, na wewe mwenye nyumba unakaa foleni.

Tatu, za kusafisha. Zote tano nje. Mnaozipenda mniwie radhi, lakini mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner, tena lililopakuliwa kwenye tovuti halali na likiwa na saini halali, lilitoka likiwa limepandikizwa kirusi. Kampuni yenyewe ilisema liliingia kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Watu walikaribisha mwizi wakidhani wameajiri mfagiaji.

#4 Kasi_Kasi

Fundi nakuheshimu ila hapo umevuta kamba upande mmoja. Miaka kumi natumia programu ya kusafisha na mashine yangu inapaa. Hilo la 2017 lilikuwa tukio moja na lilirekebishwa. Kwa kigezo hicho tusingetumia programu yoyote duniani.

#5 FundiBisibisi

Kweli, tukio moja halitoshi kuhukumu, hilo nakupa. Basi tuliweke kando tuulize faida iko wapi.

Mafaili ya muda? Windows ina sehemu yake ya kuyafuta, iko kwenye Mipangilio upande wa hifadhi, na unaweza kuiachia ifanye yenyewe. Kache ya brauza? Ukiifuta leo, kesho kila tovuti inaanza kupakua picha zake upya, kwa hiyo umejipunguzia kasi, na kache inajaa tena kabla ya Ijumaa. Rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows? Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, kwa sababu ukifuta mstari usio wake unaweza kulazimika kupiga Windows upya. Na mistari elfu mbili iliyobaki bure kwenye rejista ni kama majani mawili makavu kwenye uwanja wa mpira.

Mashine yako inapaa kwa sababu naona kwenye saini iliyo chini ya posti zako una SSD na ramu 32 GB. Hiyo ingepaa hata ukiifutia vumbi kwa kitambaa.

#6 Kasi_Kasi

😂😂 Sawa, nimenyamaza. Siitoi lakini.

#7 Kibodi_Mpya

Asante fundi. Apdeti zimekwisha, antivairasi ya majaribio imeondoka. Nilitaka nianze na VLC tu maana hiyo sioni wa kuipinga, nimepakua faili, nimelibofya, limekataa. Ujumbe unasema naruhusiwa kuweka programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft tu. Nimeharibu nini?

#8 Bundi_wa_Usiku

Hujaharibu kitu. Laptopu yako ilikuja kwenye hali ya S. Baadhi ya laptopu mpya hutoka hivyo kiwandani: Windows ile ile, ila imefungwa isipokee programu yoyote nje ya Microsoft Store, na hata lile dirisha jeusi la amri haifungui.

Kutoka ni bure, lakini ukitoka hurudi. Ingia Mipangilio, Mfumo, halafu sehemu ya uwezeshaji wa leseni. Hapo soma polepole, maana kuna viungo viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja ni cha kutoka hali ya S na kubaki na toleo lako lile lile, hicho ndicho chako, kitakufungulia ukurasa ndani ya Store. Kingine ni cha kupandisha daraja la Windows, hicho kitakudai pesa. Watu hubofya cha pili halafu wanatangaza kwamba kutoka hali ya S kunalipiwa.

Kabla hujatoka jiulize kama kuna haja. VLC iko kwenye Store, Firefox iko, vikao vya video unaweza kufanyia ndani ya brauza. Kuna mzee mmoja nimemwachia hali ya S makusudi, mwaka wa pili huu sijaitwa hata mara moja. Zamani nilikuwa naitwa kila baada ya wiki mbili kuondoa takataka.

#9 Kibodi_Mpya

Kwa tasnifu nitahitaji programu ya kupanga marejeo, na mwalimu amesema kuna ya takwimu. Sidhani kama zote ziko Store.

#10 Bundi_wa_Usiku

Basi toka. Ila ukishatoka, geti liko mikononi mwako.

#11 Pengwini

Mngemwambia aitoe Windows aweke mfumo wa bure wa Linux Mint tangu asubuhi yote haya yasingekuwepo. Inakuja na LibreOffice, Firefox, ya video, ya picha, kila kitu, na ukitaka kuongeza unaandika sudo apt install basi.

#12 FundiBisibisi

Nilikuwa najiuliza umechelewa wapi.

#13 Karani_wa_Mizani

Niingie kwenye programu za ofisi, maana ndiko atakakokaa saa nyingi kuliko kwingine kote na bado hakuna aliyegusa. Hiyo ndiyo kawaida yetu humu: kurasa tatu za antivairasi, mstari mmoja wa kazi yenyewe.

Mdogo wangu, usiulize ipi ni bora. Uliza nani atafungua faili lako baada yako. Ukiandika, ukachapisha PDF na kupeleka, LibreOffice itakutosha na zaidi. Ni bure, haina siku ya mwisho, ilizaliwa 2010 waandaaji wengi wa OpenOffice walipojitenga na kuanzisha taasisi yao. Na kwa sababu hiyo hiyo, ukiona mahali unashauriwa upakue OpenOffice, ruka. Bado ipo, lakini iko kwenye mfululizo wa 4.1 ulioanza 2014. Jina linajulikana kuliko afya yake.

Lakini kama msimamizi wako anasahihisha ndani ya Word, na anakurudishia yale maoni ya pembeni na mistari myekundu, mambo yanabadilika. LibreOffice inafungua docx na maoni inayaona. Nimefanya kazi hivyo kwa muda mrefu. Tatizo linaanza faili linapokwenda na kurudi mara ya nane: jedwali limesogea, namba za vichwa zimeanza upya, ukurasa wa 40 umekuwa wa 42. Nusu ya matatizo hayo ni fonti. Hati imeandikwa kwa Calibri, kompyuta yako haina Calibri, inaweka nyingine yenye herufi pana zaidi, na kila kitu kinateremka. Kwenye Windows hilo si kubwa kwa kuwa fonti hizo zipo. Kwenye Linux, ndugu yangu Pengwini, hakikisha una Carlito na Caladea, zimechongwa zilingane upana na Calibri na Cambria. Usipozijua hizo utailaumu LibreOffice bure.

Kwa lahajedwali: fomula za kawaida hazina shida kabisa. Makro, zile amri za kujiendesha zilizoandikiwa Excel, ndizo zitakazokukwamisha. Mimi nina kitabu kimoja cha hesabu cha ofisini chenye makro za mtu aliyekwisha kuacha kazi, hakuna anayethubutu kuzigusa, na kwa ajili ya kitabu hicho kimoja nalipia Excel. Ningeweza kuziandika upya. Kila mwaka nasema mwaka huu.

Njia ya kati: Word ya kwenye brauza ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. Haina kila kitu, lakini kwa kupitia masahihisho ya msimamizi inatosha. Andika unakopenda, yale ya mwisho mwisho maliza huko. Na uliza chuoni kwanza, vyuo vingi huwapa wanafunzi leseni.

#14 Mkato_Mfupi

Mnamzungusha kijana wa watu. Njoo inbox nikupe Office kamili, imeshachomwa, unazima tu Defender dakika mbili unabofya imeisha.

#15 Bundi_wa_Usiku

Soma tena sentensi yako. Unamwambia mgeni afungue mlango, azime taa, afunge mbwa, halafu mtu asiyemjua aingie kwa haki zote za msimamizi wa mfumo. Na anayetengeneza hizo kreki, programu zilizovunjwa leseni, anakula nini? Hakeshi kwa kuwahurumia wanafunzi. Virusi vya siku hizi havikufutii kitu wala havikuonyeshi fuvu kwenye skrini. Vinachota nywila na vidakuzi vya brauza, yale mafaili madogo yanayoiambia tovuti kwamba umeshaingia, kimya kimya, na mwenye vidakuzi vyako anaingia kwenye barua pepe yako bila hata kuulizwa nywila. Wewe unaendelea kuandika tasnifu, Office inafanya kazi safi kabisa.

Kuna LibreOffice ya bure, kuna Word ya bure kwenye brauza. Kreki ya nini?

#16 Mkato_Mfupi

Mimi natumia mwaka wa nne sijaona kitu.

#17 Bundi_wa_Usiku

Ndivyo inavyotakiwa uone.

#18 Kibodi_Mpya

Nimetoka hali ya S. Kweli kulikuwa na viungo viwili, nusura nibofye cha kulipia. Sasa swali la kijinga: nikiandika VLC kwenye gugo, napata matokeo mengi, mengine yana neno la tangazo. Nabofya lipi?

#19 Bundi_wa_Usiku

Hilo si la kijinga, kwa maoni yangu ndilo swali kubwa kuliko "programu ipi". Unaweza kuchagua programu nzuri ukaibeba kutoka mahali pabaya.

Usibofye tangazo. Wahalifu hununua matangazo kwa majina ya programu maarufu za bure, tangazo linakaa juu ya tovuti halisi, ukurasa umenakiliwa mpaka rangi, ila faili lina mgeni ndani. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo na kati ya ushauri wake ilikuwa mtu atumie kizuia matangazo kwenye brauza. Kwa hiyo kizuia matangazo usikione kama anasa. uBlock Origin kwenye Firefox ndicho ninachokipendekeza. Kwenye Chrome kile kamili kimeshaondolewa nguvu na kanuni mpya za viongezi, kimebaki chepesi, uBlock Origin Lite, ambacho si kibaya ila hakina meno yote.

VLC inatoka videolan.org. Ukiacha ile ya Store, haitoki kwingine. Walioianzisha walikuwa wanafunzi wa École Centrale Paris, mradi wao ulianza 1996, na mpaka leo haina matangazo wala toleo la kulipia. Ukikuta "VLC Pro" au inayodai kadi ya benki, kimbia. 7-Zip inatoka 7-zip.org, tovuti yenyewe imechakaa kwa sura kama ilichorwa juzi ya karne iliyopita, usishtuke, ndiyo hiyo.

Ila kuna njia safi zaidi. Windows 11 ina winget, kisakinishi cha programu kinachotumia amri za kuandika. Bofya kitufe cha Windows, andika Terminal, fungua, halafu andika:

winget install -e --id VideoLAN.VLC
winget install -e --id Mozilla.Firefox
winget install -e --id TheDocumentFoundation.LibreOffice

Mstari mmoja mmoja. Inapakua na inasakinisha bila kukupitisha kwenye kurasa za matangazo wala vile visanduku vilivyokwisha kuwekewa tiki vya "niwekee na hiki". Baadaye ukiandika winget upgrade --all inaapdeti karibu zote kwa mkupuo.

#20 Pengwini

Kwa hiyo Windows imegundua apt. Hongereni.

#21 Karani_wa_Mizani

🤣 Mwacheni, leo siku yake.

#22 FundiBisibisi

Hilo la kuapdeti Bundi amelipitia mbio, mimi nalirudia kwa sababu ya WinRAR na 7-Zip zilizo kwenye orodha.

WinRAR ni ya majaribio ya siku 40, kila mtu humu yuko siku ya elfu tatu. Haijifungi, inakukumbusha tu. Sasa kasoro yake: haijiapdeti. Mwaka 2023 ulifichuliwa udhaifu uliokuwa tayari unatumiwa na wahalifu: unafungua faili lililobanwa, unabofya picha, kumbe umeendesha msimbo. Ukazibwa kwenye toleo 6.23. Lakini aliyeweka WinRAR ya 2018 akaisahau, bado anayo ile ile, hakuna aliyemwambia. 7-Zip nayo ni hivyo hivyo, haijiapdeti, nayo imeshawahi kuwa na tundu lililozibwa kwenye toleo 24.09.

Na kusema ukweli huenda usihitaji hata moja. Tangu mwishoni mwa 2023 Windows 11 inafungua zip, rar na 7z yenyewe. Yaliyofungwa kwa nywila ndiyo yatakayokusumbua. Likija la namna hiyo, weka 7-Zip siku hiyo. Nimetaja hili makusudi kwa sababu ukiuliza mafundi kumi programu ya kwanza ya kuweka, tisa watakuambia ya kufungulia zip. Ni mazoea tu, hata mimi mkono wangu huenda huko wenyewe.

PDF: brauza yako inafungua, inakuwezesha kuandika juu yake na kujaza fomu. Zote tatu nje.

Halafu kitu ambacho si programu: kwenye kidirisha cha mafaili washa kuonyesha viambishi vya majina. Windows huvificha. Ukivificha, faili linaloitwa risiti.pdf.exe wewe unaliona risiti.pdf. Sekunde tano.

#23 Tofaa

Sisi wa Mac tunapita kimya kimya. Chomeka diski ya nje, washa Time Machine ikunakilie mafaili, weka VLC, nenda kalale.

#24 Funguo_Saba

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote, na ninaona mmemvisha koti mkasahau funguo. Kibodi, nywila zako ziko wapi sasa hivi?

#25 Kibodi_Mpya

Zilikuwa kwenye brauza ya ile iliyokufa... Nyingine nimezikumbuka. Kusema kweli ni nywila moja, ninabadilisha namba ya mwisho.

#26 Funguo_Saba

Niliotea. Kabla ya VLC, kabla ya Office, weka kitunza nywila. Utatengeneza nywila moja ndefu unayoikumbuka, maneno manne matano yasiyohusiana, nyingine zote izitunge na kuzikumbuka yenyewe.

Ziko mbili ninazoweza kuzisimamia. Bitwarden inahifadhi kwenye wingu, imefungwa kabla haijatoka kwenye kompyuta yako, inafika mpaka kwenye simu bila wewe kufanya kitu, na toleo la bure linatosha. KeePassXC haina wingu: ni faili moja lenye kiambishi kdbx, unalo wewe, ukilipoteza umepoteza vyote. Kwa mtu ambaye diski imemfia juzi na hakuwa na nakala (sikusemi vibaya), nenda Bitwarden. Mimi natumia KeePassXC lakini mimi nina mazoea ya kunakili.

Sasa kuna jingine, na hili limeniliza. Windows 11 kwenye laptopu nyingi mpya husimba diski yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ni jambo jema, mwizi akichukua laptopu hasomi kitu. Lakini kuna ufunguo wa dharura, tarakimu 48. Kompyuta yangu ilibadilishwa ubao mkuu, ilipowaka ikaudai huo ufunguo. Fundi ananitazama, namtazama fundi. Ulikuwa kwenye akaunti niliyoifungua siku ya kwanza kwa haraka, kwa barua pepe ambayo nilishaacha kuitumia. Ilinichukua siku nne kuirudisha hiyo barua pepe, na nilikuwa na bahati. Ingia kwenye akaunti yako LEO, tafuta ufunguo, unakili kwenye karatasi, karatasi isikae kwenye mfuko wa laptopu.

#27 Kipanya

Huyu dada kanitoa kambini. Nimeenda kuangalia wangu, nimeukuta. Narudi kambini.

#28 FundiBisibisi

Funguo_Saba ametuumbua wote. Naongezea nakala rudufu, kisha nalala.

Kanuni ni ya zamani: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa tasnifu maana yake: faili kwenye laptopu, nakala kwenye diski ya nje, nakala kwenye wingu. Kwa diski ya nje Windows inayo Historia ya Faili. Iko kwenye ile Paneli Dhibiti ya zamani, wameificha kidogo. Unachomeka diski, unaiwasha, inanakili kila saa na kutunza matoleo ya nyuma. Hakuna cha kusakinisha.

Angalizo kwa wanaosema "mimi niko OneDrive", wingu la Microsoft: ile ni kusawazisha. Ukifuta huku, kunafutika kule. Kwa akaunti binafsi kilichofutwa hukaa siku 30 kwenye pipa, zaidi ya hapo kwaheri. Na ya bure ni 5 GB, ukikubali ikubebee folda zote, sinema zako zitaijaza siku ya kwanza na tasnifu itakwama mlangoni.

Halafu jaribu kurudisha. Chukua faili moja, lifute, lirudishe kutoka kwenye nakala. Nimeletewa diski za nje za watu waliokuwa wakinakili miaka miwili folda tupu.

#29 Pengwini

Utani pembeni. Kibodi, ile ya zamani iko wapi? Diski iliyogonga ni diski, haimaanishi laptopu imekufa. Kwanza, kama kuna kitu cha thamani mle, acha kuiwasha. Kila ukiiwasha kichwa kinazidi kukwangua sahani. Mpelekee mwenye vifaa vya kuokoa data. Kama huna cha kuokoa, toa hiyo diski, weka SSD, hata ndogo. Kama ilikuwa na Windows 10, usipige hiyo tena, msaada wake wa kawaida ulifika mwisho 14 Oktoba 2025, na huenda haina ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11. Weka Mint hapo. Iwe mashine ya akiba. Hata fundi hatanipinga kwa hilo.

#30 FundiBisibisi

Sipingi. Andikeni tarehe.

#31 Kibodi_Mpya

Wakuu, wiki mbili zimepita, narudi na majibu.

Kwenye 31 zimebaki sita: Firefox na uBlock Origin yake, Bitwarden, LibreOffice, VLC, Zotero ya marejeo, na ile ya takwimu ya mwalimu. 7-Zip niliiweka jana tu, msimamizi alinitumia faili lenye nywila, kwa hiyo ni saba. Ile ya takwimu ndiyo iliyojaza nafasi kuliko zote zikijumlishwa. Chuo kweli kinatoa leseni ya Office, kumbe nimekuwa nayo mwaka mzima sijui, ila bado naandika kwenye LibreOffice, masahihisho tu ndiyo nayapitia kwenye Word. Ukurasa wa 17 jedwali lilihama mara moja, nilikuwa nimepanga kwa kubofya nafasi nafasi, nikafundishwa na mtu kutumia mitindo ya aya. Halijahama tena.

Ufunguo wa tarakimu 48 uko kwenye daftari. Diski ya nje inanakili. Nilifuta sura ya pili makusudi, moyo ukinidunda, nikairudisha. Imerudi.

Ya zamani nimeinunulia SSD, Mint imeingia kwa dakika ishirini. Data za kwenye diski ya zamani sijapata bado, iko kwa mtu.

Imebaki printa. Kompyuta mpya haiioni kabisa. Ile ya Mint imeiona yenyewe bila kuweka kitu.

#32 Pengwini

Narudia kusoma sentensi yako ya mwisho, samahani, nina kazi leo.

#33 FundiBisibisi

Printa fungua uzi wake. Taja modeli na kama inatumia waya au Wi-Fi. Na wewe Pengwini usije huko.